Naomba ushauri: Mama hakusoma, je, kipimo cha kumbukumbu kinamtendea haki?

Ndugu zangu, naomba mawazo yenu. Mama ana miaka 74. Alitolewa shule mapema ili kaka zake waendelee. Majuzi tulimpeleka kupimwa kumbukumbu kwa kile kipimo chenye alama 30: ahesabu kurudi nyuma kutoka 100 akitoa saba saba, aandike sentensi, achore maumbo mawili yanayopishana. Kalamu aliishika kama mwiko. Alama zikawa chini, tukaambiwa huenda ni dalili za mwanzo za demensia (ubongo kudhoofika na kupoteza kumbukumbu).

Lakini huyu mama anajua kichwani nani anamdai nani ukoo mzima! Baba, mwalimu mstaafu, kipimo hicho hicho alikipita vizuri, na ndiye anayerudia swali lile lile asubuhi nzima.

Sitaki kujidanganya pia. Ripoti ya jarida la kitabibu la Lancet ya 2024 inataja elimu ndogo miongoni mwa mambo 14 yanayoongeza hatari ya demensia, pamoja na presha, kisukari na kutosikia vizuri. Na Mama masikio yameshaanza kugoma, ila halalamiki (wa kulalamika ni Baba).

Kwa wenye ujuzi: kuna kipimo kinachomfaa mtu asiyejua kuandika? Niombe kwanza apimwe masikio, vitamini B12 na homoni za tezi ya shingo? Kumfundisha kusoma umri huu kunasaidia ubongo au namchosha tu? Na Baba, aliyeshikilia alama zake kama cheti, nimrudishe vipi hospitali?