Robo ya unga wote, au robo ya uliobaki?

Baba wa Darasa la Sita:
Wakubwa shikamooni, na wengine habari za jioni. Binti yangu amerudi na fumbo la hisabati ambalo limetukosesha usingizi: "Mama alikuwa na kilo 24 za unga. Wiki ya kwanza alitumia theluthi ya unga huo, na wiki ya pili akatumia robo ya uliobaki. Alibakiwa na kilo ngapi?" Binti alijumlisha theluthi na robo akapata 7/12, akaona zimebaki 5/12, akazidisha kwa 24 na kuandika kilo 10. Mwalimu wake amemkosoa kwa kalamu nyekundu na kuandika 12. Nimekagua mara mbili namna alivyotafuta asili moja na sioni alipoteleza. Kosa liko wapi?

Mwalimu Mstaafu:
Ndugu yangu, kujumlisha kwake hakuna dosari. Alichokosea ni kusoma. Theluthi imetoka kwenye kilo 24, lakini robo imetoka kwenye kilo 16 zilizosalia, na sehemu zilizokatwa kwenye vitu vizima viwili tofauti hazijumlishwi mpaka zirudishwe kwenye kitu kizima kimoja.

Mchoree mstatili kwenye karatasi, augawe vipande vitatu vilivyo sawa, apake kimoja rangi. Vile viwili vyeupe ndivyo "uliobaki". Avikate kila kimoja katikati, apate vipande vinne vidogo, kisha apake kimoja tu. Akikikata katikati na kile cha kwanza, atahesabu vipande sita, vitatu vyenye rangi na vitatu vyeupe. Atakuwa ameona kwa macho yake kwamba robo ya theluthi mbili ni sudusi, yaani 1/6, na kwamba unga uliosalia ni nusu, kilo 12. Ile kanuni ya kwamba neno "ya" maana yake ni kuzidisha ni ya kweli, ila niliwaona watoto wengi wakiikimbilia bila kujiuliza kwanza: robo ya nini?

Mkaazi wa Pwani:
Nakubaliana na Mwalimu, na naongeza kwamba watu wazima nao huteleza papo hapo, tena kwenye jambo zito zaidi kuliko unga. Tuseme Mwislamu amefariki akaacha shilingi 40,000,000, mke mmoja, mtoto wa kiume na wa kike, na wazazi wake walikwisha kutangulia. Anayesikia kwamba fungu la mke mwenye watoto ni thumni hukimbilia kugawa 40,000,000 kwa 8 na kumwahidi mjane 5,000,000. Sivyo. Kwanza hutolewa gharama za maziko na madeni, tuseme 4,000,000, zikabaki 36,000,000. Kisha hutolewa wasia kwa asiye mrithi, ambao hauvuki theluthi ya hicho kilichobaki. Ikiwa marehemu aliusia theluthi kamili, ni 12,000,000. Thumni ya mke hukatwa kwenye 24,000,000 zilizosalia, nayo ni 3,000,000. Zile 21,000,000 huwaendea watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike moja: 14,000,000 na 7,000,000. Kila hatua ina kizima chake, na anayeichanganya humpunja mtu.

Baba wa Darasa la Sita:
Ahsanteni sana. Mchoro umemwelea kabla sijamaliza kuupaka rangi. Sasa amenigeuzia kibao kwa fumbo lake mwenyewe: asubuhi yaliliwa nusu ya maandazi, mchana ikaliwa theluthi ya yaliyobaki, na kwenye bakuli yapo 6, yalikuwa mangapi? Nimejaribu kuchora nikakwama, maana sijui mstatili wangu una maandazi mangapi.

Mwalimu Mstaafu:
Huna haja ya kujua. Chora mstatili mtupu, paka nusu yake, kisha ile nusu nyeupe igawe vipande vitatu na upake kimoja. Vipande viwili vilivyobaki vyeupe ndivyo yale maandazi 6, kwa hiyo kila kipande ni maandazi 3 na nusu nzima ni 9. Asubuhi nayo yaliliwa 9, jumla 18. Hakikisha kwa kuanzia mwanzo: 18 toa 9, kisha toa 3, yanabaki 6.