Miaka mitatu chuoni Tanga, "mlezi" wangu hajui hata jina langu

Wakuu, mods msiunganishe uzi huu na ule wa ada, haya ni mengine.

Nipo chuo kimoja hapa Tanga, jina nalificha maana cheti sijakishika. Mwaka wa kwanza kila mtu alipangiwa mlezi wa taaluma, majina yakabandikwa ubaoni, mlezi mmoja wanafunzi 40 na ushee. Kila muhula kuna fomu: mmekutana mara ngapi, mmejadili nini. Zangu zote tano zimesainiwa juu ya boneti ya gari, injini inanguruma. "Una sapu? Huna? Haya." (Sapu ni mtihani wa kurudia.) Hayo "mliyojadili" nilijaza mwenyewe stesheneri Ngamiani, nikimwigilizia mwenzangu.

Aliyenivusha ni mama mmoja wa maktaba. Si mwalimu, ofisi hana. Aliokota pendekezo langu la utafiti wa wakulima wa mwani kule Mkinga, akaniita: "Mwanangu, hapa hujauliza swali, umetoa hotuba." Tukakaa dirishani na kalamu nyekundu mpaka mlinzi akaja kuzima taa. Boom, yaani hela ya mkopo ya kujikimu, lilipochelewa, nauli ya fildi alinipa yeye, na hajanidai hadi leo. Ndiye aliyenionyesha kwamba Mmarekani Kathy Kram alishaandika tangu 1985: mlezi ana kazi mbili, kukufungulia njia ya kazi na kukujenga ujiamini. Wangu kabuni ya tatu, kusaini.

Na asije mtu hapa na "si ungejitafutia wako". Mimi nimebahatika tu. Mwalimu anayejitolea mwenyewe humchukua anayesali naye, wa kwao, au mtoto wa rafiki yake. Binti akigonga mlango wa mwalimu wa kiume mara mbili, korido nzima ishamsema. Huyu wa kupangiwa ndiye aliwekwa kwa ajili yetu tusio na mtu, ndo maana roho inaniuma.

Sasa ya leo. Bila maoni ya mlezi hupati klirensi, yaani kuidhinishwa kwamba umemalizana na chuo. Nimekaa benchi tangu saa mbili asubuhi, mlangoni karatasi ya "Nipo kikaoni" ishageuka njano. Saa nane katokea: "Wewe mwaka wa ngapi vile?" Nirudi Alhamisi, na hayo maoni nije nimeshayaandika mwenyewe, yeye atasaini.

Mama wa maktaba hana hata mstari kwenye hiyo fomu.

Mliopitia haya, mkuu wa idara anaweza kusaini badala yake, au ndo nikae nijisifie?