Haki za Katiba ya Marekani: sifa tumpe nani, 1215, 1776, 1791 au 1868?

Mzee wa Faili (mleta mada)

Wakuu, kwema? Ule uzi wa uhuru wa kusema uliishia kwenye matusi, na katikati ya matusi kila mtu alikuwa anaitaja Katiba ya Marekani kana kwamba ilishuka siku moja ikiwa kamili. Tuilete hoja mezani kwa utulivu. Mtu akikamatwa leo Houston au Chicago anaambiwa ana haki ya kukaa kimya na haki ya kuwa na wakili. Haki hiyo chimbuko lake nini hasa?

Wapo wanaosema Uingereza: Magna Carta ya 1215 na Hati ya Haki ya 1689. Wapo wanaosema makoloni yenyewe, hasa Virginia, Juni 1776. Walio wengi watakutajia yale marekebisho 10 ya Katiba yaliyopita mwaka 1791, kazi ya James Madison. Halafu tupo wachache tunaosema 1791 iliandika tu. Aliyemfikishia mwananchi haki zake ni Marekebisho ya 14 ya mwaka 1868, na hata hayo kwa sehemu kubwa yalilala hadi karne ya 20.

Mimi nipo hilo kundi la mwisho. Ila nawasikiliza kwanza.

Bint Shariff

Mimi kura yangu Uingereza, na sihitaji maneno mengi. Soma Marekebisho ya 8: dhamana isizidi kiasi, faini isizidi kiasi, adhabu za kikatili na zisizo za kawaida zisitolewe. Sasa fungua Hati ya Haki ya Uingereza ya 1689. Ni sentensi ile ile! Tofauti ni kwamba Waingereza waliandika "haipaswi", Wamarekani wakakaza ikawa amri.

Kesi mbele ya jopo la wananchi nayo ni hivyo hivyo. Mwaka 1670 London walimshtaki William Penn kwa kuhubiri barabarani. Jopo likagoma kumtia hatiani. Wakafungiwa ndani bila chakula, wakagoma tena, wakapigwa faini. Mmoja wao, Edward Bushell, akakataa kulipa, akatupwa jela, na kesi yake ndiyo iliyoweka msingi kwamba jopo haliadhibiwi kwa uamuzi wake. Penn huyo huyo ndiye aliyekwenda kuanzisha Pennsylvania. Kwa hiyo haki ilivuka bahari na watu wake.

Magna Carta naitaja kwa tahadhari. Kifungu cha 39 kinasema mtu huru hatakamatwa wala kunyang'anywa mali ila kwa hukumu ya wenzake au kwa sheria ya nchi. Kizuri sana, lakini mwaka 1215 "mtu huru" hakuwa kila mtu. Wengi walikuwa wamefungwa kwenye ardhi ya mabwana zao.

Kichwa Ngumu

Dada Bint, Waingereza unaowasifia ndio waliokuwa wanavunja milango ya watu Boston. Maofisa wa forodha walitembea na hati za jumla za upekuzi: hazikutaja nyumba ya nani wala kinachotafutwa, na hazikuisha muda mpaka mfalme afe na miezi kadhaa ipite. Mwaka 1761 wakili James Otis alisimama mahakamani kuzipinga kwa saa kadhaa. Alishindwa. Ila kijana mmoja, John Adams, aliyekuja kuwa rais wa pili wa Marekani, alikuwa amekaa anasikiliza, na uzeeni aliandika kwamba pale ndipo uhuru ulipozaliwa.

Marekebisho ya 4 ukiyasoma unaona yanajibu kero hiyo hiyo: hati ya upekuzi itaje mahali pa kupekuliwa na vitu vya kuchukuliwa, na iwe na kiapo nyuma yake. La 3 ndiyo usiseme, linakataza askari kulazwa nyumbani kwa mtu wakati wa amani bila ridhaa yake. Mtu haandiki kitu kama hicho bila kuwahi kulazimishiwa askari.

Mimi nasema 1776. Azimio la Haki la Virginia, tarehe 12 Juni, wiki tatu kabla ya Azimio la Uhuru. Aliyeliandika kwa sehemu kubwa ni George Mason. Uhuru wa magazeti, dini, jopo, kutolazimishwa kujitolea ushahidi, vyote vimo.

Bint Shariff

@Kichwa Ngumu hati za jumla zilipigwa marufuku Uingereza pia. Kesi ya Entick, 1765, mwandishi aliyevamiwa nyumbani na watu wa waziri wakabeba makaratasi yake. Mahakama ikasema hakuna sheria inayowaruhusu. Wakoloni waliijua kesi hiyo na walikuwa wanadai haki walizonazo Waingereza wa kule kwao. Unanisaidia hoja yangu.

Karanga za Kukaanga

Nipo siti ya mbele. Endeleeni.

Mwalimu wa Zamu

Naona Madison anasahaulika, na mimi ndiye nimekuja kumtetea.

Rasimu ya Katiba ya 1787 Philadelphia haikuwa na orodha ya haki. Tarehe 12 Septemba Mason alipendekeza iandikwe, akasema inaweza kuwa tayari kwa saa chache. Majimbo yote yaliyokuwepo yakapiga kura ya hapana. Watu walikuwa wamechoka, joto, wanataka kurudi makwao. Mason akakataa kutia saini. Alexander Hamilton, mtetezi mkubwa wa Katiba, naye akaja na hoja kwamba orodha haihitajiki na inaweza kuwa hatari, kwa nini ukataze jambo ambalo serikali haijapewa mamlaka nalo?

Wananchi hawakuinunua hiyo hoja. Massachusetts iliidhinisha Katiba kwa kura 187 kwa 168, tena kwa kuambatanisha mapendekezo ya marekebisho. Virginia 89 kwa 79. New York 30 kwa 27. North Carolina ikagoma kabisa mwanzoni. Madison mwenyewe hakuwa shabiki wa orodha, lakini alipogombea ubunge dhidi ya James Monroe ilibidi awaahidi wapiga kura wake. Na ahadi aliitimiza, kitu ambacho wabunge wengi wangejifunza. Tarehe 8 Juni 1789 akasimama bungeni na mapendekezo yake, wenzake wakamwona anawapotezea muda. Katika barua aliiita kazi ile ya kichefuchefu. Baraza la Wawakilishi likapitisha 17, Seneti ikayapunguza, yakaenda kwa majimbo yakiwa 12, na tarehe 15 Desemba 1791 Virginia ikakamilisha idadi kwa 10.

Yale mawili yaliyobaki yana kisa chake. Moja lilihusu mishahara ya wabunge: wakijiongezea, nyongeza isianze mpaka uchaguzi upite. Lilikaa kabatini hadi mwaka 1982, mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu Texas alipoandika insha kwamba bado lingeweza kuidhinishwa. Akapewa C. Akaanza kuandikia mabunge ya majimbo barua moja moja, na mwaka 1992 likawa Marekebisho ya 27. Chuo kilimbadilishia alama kuwa A mwaka 2017.

Mzee wa Faili

Mwalimu, nakupa heshima yako, lakini umeruka pale panaponiuma. Madison alikuwa na pendekezo jingine: jimbo lolote lisivunje uhuru wa dhamiri, uhuru wa magazeti, wala haki ya jopo katika kesi za jinai. Yeye mwenyewe alisema hilo ndilo la thamani kuliko yote. Wawakilishi wakalipitisha, Seneti ikalitupa. Matokeo yake orodha ya 1791 iliifunga serikali ya shirikisho peke yake. Jimbo lako likikunyanyasa, Hati ya Haki, yaani hiyo orodha, haikuhusu.

Hii siyo tafsiri yangu. John Barron alikuwa na gati zuri la meli Baltimore. Jiji likageuza vijito kwa ajili ya barabara, mchanga ukajaa mbele ya gati, meli hazifiki, biashara imekufa. Akadai fidia kwa Marekebisho ya 5. Mwaka 1833 Jaji Mkuu John Marshall akamwambia: hayo yanaihusu serikali kuu, siyo Baltimore. Nenda kwenu.

Na polisi, magereza, mahakama za jinai, shule, karibu vyote viko mikononi mwa majimbo na miji. Kwa hiyo kwa miaka 77 haki zile ziliandikwa vizuri na hazikumgusa mtu pale alipoumia. Marekebisho ya 14 ndiyo yaliyosema *jimbo lolote* lisimnyang'anye *mtu yeyote* uhai, uhuru au mali bila taratibu za haki za kisheria, wala lisimnyime ulinzi sawa wa sheria.

Dada wa Ohio

Nimefurahi uzi umefika hapa, maana aliyeandika sehemu hiyo ya Marekebisho ya 14, John Bingham, alikuwa mbunge wa huku kwetu Ohio.

Na kisa cha Cleveland kila mtu angekijua. Mei 1957 polisi walikwenda kwa Dollree Mapp wakimtafuta mtu aliyehusishwa na bomu lililolipuliwa nyumbani kwa Don King. Ndiyo, Don King yule yule wa ngumi, kabla hajawa promota. Mama akapiga simu kwa wakili, akakataa kufungua bila hati ya mahakama. Baada ya saa kadhaa wakarudi wengi zaidi, wakalazimisha mlango. Akauliza hati iko wapi, mmoja akapunga karatasi. Mama akaipokonya akaitumbukiza kifuani. Wakampokonya kwa nguvu, wakamfunga pingu. Karatasi hiyo haikuonekana tena, hata mahakamani. Walichompata nacho ni vitabu na picha walizodai ni chafu, akahukumiwa kwa hivyo.

Mwaka 1961 Mahakama ya Juu ikasema ushahidi uliopatikana kwa upekuzi haramu hautumiki hata katika mahakama ya jimbo. Marekebisho ya 4 yalikuwa na miaka 170. Mimi kura yangu 1868, pamoja na ukaidi wa huyo mama.

Sauti ya Chini

Hakuna aliyetaja watumwa. Mason aliyeandika kwamba watu wote wako huru kwa asili alikuwa anamiliki watu. Na wajumbe wenzake Virginia walishtuka: tukiandika hivi, wale wa mashambani tutawaambia nini? Wakachomeka maneno kwamba haki hizo ni za watu "wanapoingia katika hali ya jamii", wakimaanisha mtumwa hayumo katika jamii. Kiraka hicho kimo mpaka leo, kasome kifungu cha kwanza.

Mwaka 1857, kesi ya Dred Scott, Mahakama ya Juu ikasema mtu mweusi mwenye asili ya utumwa hawezi kuwa raia wa Marekani. Kwa hiyo 1215, 1776 na 1791 mnazogombania, wenzetu hawakuwemo.

Ila Mzee wa Faili naye asiichukue 1868 kama ushindi. Mwaka 1873 weusi wengi waliuawa Colfax, Louisiana. Wachache kati ya wauaji walifikishwa mahakamani, na mwaka 1876 Mahakama ya Juu ikawaachia: Marekebisho ya 14 yanazuia majimbo, siyo watu binafsi. Mwaka 1896 ikabariki mabehewa ya treni ya kubaguana weusi na weupe. Nani anapewa sifa hapo? Mimi nasema waliokwenda mahakamani wakashindwa, wakarudi tena.

Mkamba wa Pwani

Wadau wa Bongo, niwaongezee kutoka Kenya. Thurgood Marshall, wakili aliyeshinda kesi ya Brown ya 1954 dhidi ya shule za kubaguana, alialikwa na Tom Mboya na mwaka 1960 alikuwa Lancaster House London, kwenye mazungumzo ya Katiba ya Kenya, akiwashauri wajumbe Waafrika. Aliwaandikia rasimu ya haki za Kenya. Miaka saba baadaye akawa jaji wa kwanza mweusi wa Mahakama ya Juu kwao.

Nikilinganisha sasa: Katiba yetu ya 2010, ibara ya 20, inasema haki zinafunga vyombo vyote vya dola na watu wote. Lile tatizo la Colfax sisi tumelizibia kwa maandishi. Ibara ya 43 ina afya, makazi, maji, elimu. Katiba yao haina hata kimoja. Kutekeleza ni habari nyingine, hapo sibishani na mtu.

Mwalimu wa Zamu

Na sisi Tanganyika tulipata uhuru 1961 bila orodha ya haki ndani ya Katiba. Iliingia 1984, na mahakama zikaruhusiwa kuitumia kuanzia Machi 1988. Kuandika na kutumia ni vitu viwili, hapo nakubaliana na mleta mada nusu. Nusu nyingine nabaki na Madison: Mahakama ingeyatekeleza maneno gani kama yasingekuwa yameandikwa?

Mzee wa Faili

Hiyo nusu naipokea. Ila angalia Gideon. Mtu maskini, Panama City, Florida, mwaka 1961 anashtakiwa kuvunja ukumbi wa pool. Anamwomba jaji wakili, jaji anamwambia sheria ya Florida inampa wakili bure mwenye kesi ya kifo tu. Anajitetea mwenyewe, anapigwa miaka 5. Akiwa gerezani anachukua penseli na karatasi za gereza anaiandikia Mahakama ya Juu. Machi 1963 majaji wote 9 wanakubali: Marekebisho ya 6 yanaifunga Florida. Kesi ikasikilizwa upya Agosti, safari hii ana wakili, na wakili akambana vizuri shahidi mkuu. Jopo likamwachia baada ya saa moja hivi. Maneno ya Marekebisho ya 6 yalikuwa yale yale ya 1791.

Karanga za Kukaanga

Swali la mjinga: kwa hiyo sasa hivi yote 10 yanayafunga majimbo?

Mzee wa Faili

Siyo yote. Mahakama ya Juu iliyaingiza moja moja kupitia Marekebisho ya 14. Uhuru wa kusema 1925, kukaa kimya 1964, jopo la jinai 1968, silaha 2010. Faini isiyozidi kiasi imeingia 2019 tu, kesi ya Tyson Timbs wa Indiana aliyenyang'anywa Land Rover ya dola 42,000 kwa kosa ambalo faini yake ya juu ni dola 10,000. Jopo kubwa la kuidhinisha mashtaka ya Marekebisho ya 5 bado haliyafungi majimbo, Mahakama ilikataa mwaka 1884. Jopo la kesi za madai, bado.

Kichwa Ngumu

Na la 3, la askari kulala kwako?

Bint Shariff

Mahakama ya Juu haijawahi kuliamua. Mahakama ya rufaa ya New York na majimbo jirani ndiyo iliyoligusa mwaka 1982. Walinzi wa gereza waligoma 1979, gavana akaleta askari wa akiba, wakalazwa kwenye nyumba za walinzi. Mahakama ikasema Marekebisho ya 3 yanayafunga majimbo na askari wa akiba nao ni askari. Walinzi wenyewe hawakupata kitu mwishoni, maofisa waliotoa amri walikingwa.