Ushauri tafadhali: springi imefika, watoto wana raha zao, mimi kalamu imekauka

Mtanga wa Baridini

Wakuu salaam. Naombeni ushauri, na msinicheke sana.

Niko Saint Paul, Minnesota, mwaka wa sita huu. Nina mke na watoto wawili, binti wa miaka 7 na kijana wa miaka 4. Mimi niko bohari zamu ya asubuhi, mama watoto ni mhudumu kwenye nyumba ya wazee zamu ya usiku. Tunapishana mlangoni kama madereva wa daladala wanaoachiana gari: funguo hizi, mdogo hajala, mkubwa ana kazi ya shule, haya baadaye.

Nyumbani Tanga nilikuwa mtu wa mashairi. Sio wa kutajwa, lakini harusini nilikuwa naitwa, na redioni nilishasomwa mara mbili tatu. Tangu nije huku sijaandika hata ubeti mmoja. Daftari limo kwenye mkoba ule ule niliokuja nao, juu ya kabati.

Mwanzoni nilisingizia baridi. Na si uongo, Desemba huku jua linazama saa kumi na nusu, unatoka kazini ukigeuka tu limeshakwenda. Lakini sasa ni Mei. Jua linakaa mpaka saa mbili na kitu usiku, watu wametoka majumbani kama kumbikumbi baada ya mvua, na kisingizio sina tena.

Juzi Jumamosi nimebeba kapu la nguo chafu kwenda kwenye mashine za kufulia mtaa wa pili, watoto nyuma yangu. Binti akachuchumaa kwenye nyasi. Kuna ua fulani la manjano linaota hovyo kila mahali, wenyeji wanaliita dandelion na wanalipigia dawa kama adui. "Baba njoo uone, kuna mdudu amelala ndani." Nikamwambia twende, tumechelewa. Akaniuliza, "Tumechelewa wapi?"

Wakuu, nilikosa jibu. Zilikuwa nguo za kufua tu. Nikamvuta mkono tukaenda, na tangu siku hiyo swali lile linanikera.

Sasa naomba mniambie nyie wenye familia na kazi kama zangu. Ile hamu ya kuandika, au kuimba, au chochote ulichokuwa unakipenda, mliirudishaje? Au ndiyo ikiondoka imeondoka?

Kipepe wa Magomeni

Mkuu pole, ila sisi Dar masika imetunyang'anya barabara, Jangwani hapapitiki, nimefika kazini viatu mkononi. Wewe unalia na maua? Tubadilishane hata wiki moja.

(Utani. Swali la mtoto limeniingia hata mimi.)

Bi Mkubwa Toronto

Kipepe muache kaka wa watu.

Mwanangu, mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nimelea watoto wanne kwenye baridi hii hii. Nitakwambia jambo moja la mikono, la moyo utalijua mwenyewe. Panda kitu. Usiniambie huna shamba, hata kopo la mtindi linatosha, litoboe chini, tia udongo, weka dirishani linapopiga jua.

Ila usikosee kama nilivyokosea mimi mwaka wangu wa kwanza. Niliona jua la Aprili nikadhani ni jua, nikamwaga mbegu zote za mchicha nje. Usiku baridi ikashuka, asubuhi hakuna kitu. Jua la huku lina uongo, linang'aa tu halina moto. Mchicha unataka udongo uliopata joto kweli. Wenyeji wengi wa kaskazini hawapandi mboga laini nje mpaka ipite Siku ya Mama, Jumapili ya pili ya Mei, na hata hapo wanachungulia utabiri kwanza. Sukuma wiki ndiyo jasiri, hiyo baridi kidogo haiiui, unaweza kuitanguliza. Mchicha uanzie ndani ya nyumba, uuhamishe mwisho wa Mei. Ukikubali, wiki tano sita unachuma.

Mpe kila mtoto kopo lake, na jina lake juu. Utashangaa asubuhi nani anaamka wa kwanza.

Kaka wa Bukavu

Jambo ndugu. Mimi niko Louisville, Kentucky. Mchicha sisi twaita lengalenga, na hapa kwetu joto linafika mapema kuliko kwenu, mie nimesha panda. Bibi yangu alipata kipande kwenye shamba la mtaa, watu wanagawana mistari. Kila Jumapili kiisha kanisa tuko pale, Wakongo, Warundi, Wanepali, kila mtu na jembe yake. Mtu wa Nepali alikuja kuangalia lengalenga yetu akacheka, akatuonyesha yake, ni ile ile! Lugha hatusikilizani ila mboga tulisikilizana. Uliza kwenye mji wenu, hizo shamba za pamoja ziko.

Mchunga Mchungu

Kuhusu hilo ua la manjano: ni ndugu wa mchunga wetu wa pwani, ukoo mmoja. Majani yake machanga yanaliwa, na uchungu wake ni ule ule wa mchunga. Mimi nayachemsha, namwaga maji ya kwanza, naunga kwa nazi. Mke wangu alinicheka siku ya kwanza, ya pili akaomba bakuli.

Tahadhari moja tu. Usichume kwenye nyasi zilizopigwa dawa wala kando ya njia wanapopitisha mbwa. Uwanja wako mwenyewe, au pale unapojua kwa hakika.

Nesi wa Usiku

Mtoa mada, nauliza kwa nia njema. Usingizi unapata? Chakula kinapita? Kuna watu huku kila baridi inawaangusha, na jua likirudi wanainuka wenyewe. Lakini kama jua limerudi na wewe bado mzito, hutaki hata kuona watu, usilifanye suala la mashairi tu. Muone daktari, umweleze hivyo hivyo ulivyotueleza sisi.

La pili, kama mke anayetoka zamu ya usiku: umeeleza habari za daftari lako, mkoba wako, hamu yako. Mwenzio alikuwa anapenda nini kabla hajaja huku? Sijaona popote.

Kipepe wa Magomeni

Hapo kwa Nesi nimeweka kigoda nasubiri.

Mtanga wa Baridini

Nashukuruni nyote. Nesi, usingizi napata na ubwabwa unapita bila visa, hilo usihofu. La pili umenishika pabaya, maana nilikuwa sijamuuliza. Jana amerudi saa moja asubuhi, mimi nilikuwa na siku ya mapumziko, nikamuuliza. Nilidhani atasema safari, au nguo, au kwenda kumuona mama yake. Amesema anataka kukaa kwenye ngazi za nje na kikombe cha chai ya tangawizi, nusu saa, pasiwe na mtu anayemwita mama.

Basi. Nikawachukua watoto tukazunguka mtaa. Tuliporudi tulimkuta bado yuko kwenye ngazi, kikombe kitupu, kanga mabegani, ameegemeza kichwa ukutani na jua linampiga usoni. Hakuwa amelala. Watoto walitaka kumkimbilia nikawazuia, tukasimama pembeni kama wezi tunamwangalia.

Makopo ya mtindi tumeshatoboa, Bi Mkubwa. La kijana limeshamwagika mara mbili.

Mwalimu wa Makete

Nimechelewa, umeme ulikatika.

Ndugu Mtanga, mimi nafundisha fasihi huku Nyanda za Juu Kusini, jirani na Kitulo. Mnaosema springi ni ya Ulaya na Marekani njooni mkaone. Mvua zikianza Novemba, ule uwanda unavaa maua mpaka Aprili, okidi za kila namna, na wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Lakini nikwambie ukweli, wanafunzi wangu wanaokaa pale pale hawayaoni. Nikiwaambia waandike shairi la mazingira wananiandikia habari za bahari, na wengi wao bahari hawajawahi kuiona. Kwa hiyo wewe usidhani ni baridi, wala Minnesota.

Ninachowafanyia: nawatoa nje, namwambia kila mmoja achague kitu kimoja kisichozidi ukubwa wa kiganja, akiangalie mpaka nipige makofi, halafu aandike ubeti mmoja tu. Mishororo minne, mizani kumi na sita, nane na nane. Ubeti mmoja, habari za beti saba sitaki kuzisikia. Wewe kitu chako ulishaonyeshwa, ukamvuta mkono aliyekuonyesha.

Nakupa kazi ya nyumbani. Mpaka Jumapili.

Mtanga wa Baridini

Mwalimu, shikamoo. Kazi yako hii hapa.

Leo nimeamka saa kumi na moja alfajiri kama kawaida, nikampigia mama Tanga. Tangu saa zisogezwe mbele mwezi wa tatu analalamika. Miezi ya baridi tunapishana saa tisa, nikipiga muda huo kwake ni saa nane mchana, ameshakula, ana nafasi. Sasa tunapishana saa nane tu, namkuta saa saba anapakua. Leo akaniweka juu ya meza karibu na sufuria, nikawa nasikia upawa unagonga. Nikamsimulia habari ya ua na swali la mjukuu wake. Akacheka, akasema, "Na wewe ulikuwa hivyo hivyo, ulinichelewesha sokoni kwa ajili ya konokono." Sikumbuki kabisa hilo.

Nikashusha mkoba. Kalamu ya mle ndani haikuandika, nimetumia penseli ya binti:

*Theluji imeyeyuka, maji yajaa njiani,*
*Mwanangu amenishika, anivuta uwanjani,*
*Ua moja lachomoka, la manjano nyasini,*
*Kalamu naikumbuka, ilolala mkobani.*

Bi Mkubwa Toronto

Mashallah. Msomee binti huyo.

Mwalimu wa Makete

Marahaba. Vina vimekaa, cha kati na cha mwisho. Mshororo wa tatu, kipande cha pili, hesabu tena. La-ma-nja-no-nya-si-ni. Saba. Umempunja msomaji mizani moja.

Mtanga wa Baridini

Miaka sita, Mwalimu, unategemea nini? Weka "majanini".

Mwalimu wa Makete

Nane. Ubeti wa pili Jumapili ijayo.

Kipepe wa Magomeni

Nimehesabu kwa vidole hapa kituoni, kweli nane. Jamaa pembeni yangu ananiangalia vibaya, na mvua ndiyo hiyo imeanza tena.