Hivi Wabudha nao walishawahi kupigana wenyewe kwa wenyewe?

Mla Korosho, Mtwara:
Wakuu habari za humu. Kijiweni kwetu kuna jamaa anakomaa eti dini zote zimeshatwangana dhehebu kwa dhehebu isipokuwa Wabudha, wao kazi yao kufumba macho tu. Siamini, maana hata ushirika wa korosho wa watu hamsini unagawanyika, sembuse dini ya miaka zaidi ya 2,000. Mwenye kujua atiririke.

Mzee wa Mikindani:
Huyo mwambieni aanzie Vaishali, kaskazini mwa India. Inasimuliwa kwamba kama miaka 100 baada ya Buddha kufariki watawa wa pale walikuwa siku ya ibada wanajaza maji kwenye bakuli la shaba wanaliweka kati, waumini watumbukize hela. Akapita mtawa mgeni anaitwa Yasa, wakamkatia mgao wake akaukataa, tena akawaambia waumini kabisa kwamba mtawa haruhusiwi kushika fedha. Wakamjia juu! Kesi ikafika mambo 10, mojawapo mtawa kuweka akiba ya chumvi kwenye pembe. Chumvi jamani, hii tunayoanika huku kwetu. Wazee wakakaa wakaamua wenye bakuli wana makosa. Haikuchukua muda mrefu jumuiya ikapasuka makundi mawili, Sthavira huku, Mahasanghika kule.

Kusini Original:
Mzee hayo maneno tu, damu iko Japani. Kuna nyumba mbili za utawa, Enryakuji ya mlima Hiei na Miidera, wote ni Tendai, dhehebu MOJA, ila Miidera walitaka wawe na mahali pao pa kuwapa daraja watawa wapya na Hiei hawataki, si unajua anayetoa daraja ndo mwenye watu. 1081 watawa wa Hiei wakashuka na silaha wakaichoma Miidera, na haikuwa mara ya mwisho. 1536 wakaingia Kyoto wakateketeza mahekalu ya wafuasi wa Nichiren, dhehebu jingine la Kibudha. Kuja 1571 Oda Nobunaga akawachoma na wao, ila yule mbabe wa vita, mambo ya dhehebu hayakumhusu.

Mla Korosho, Mtwara:
Duh. Sasa hapo wanagombania mafundisho au mashamba?

Dada wa Lindi Mjini:
Mashamba na sikio la mfalme kaka angu. Sri Lanka mfalme Mahasena aliwabeba watawa wa nyumba ya Abhayagiri, wapinzani wao wa nyumba ya Mahavihara wakakimbia majengo yao yakavunjwa, na kuja kuunganishwa ni karne ya 12 kwa amri ya mfalme mwingine, Parakramabahu wa Kwanza. Ila jamaa yenu msimzomee sana, kwenye mafundisho tu walivumiliana. Yijing, mtawa wa Kichina aliyezunguka India karne ya 7, aliwakuta watu wa Mahayana (tawi mojawapo kubwa la Ubudha) na wasio Mahayana wanafuata kanuni zilezile za utawa, tofauti ipo kwenye vitabu wanavyosoma na kuwaabudu Bodhisattva, yaani walio njiani kuwa Buddha. Na Ashoka, mfalme wa kale wa India, alishachonga amri kwenye nguzo za mawe, mtawa atakayeleta mgawanyiko avishwe nguo nyeupe kama raia, akae nje.

Kusini Original:
Dada Tibet umeiruka. 1642 Gushri Khan na jeshi lake la Wamongolia ndo walimkalisha Dalai Lama wa 5, wa dhehebu la Gelug, kwenye kiti cha utawala, baadae watu wa dhehebu la Jonang wakanyang'anywa nyumba zao za utawa zikawa za Gelug. Mpaka karne ya 19 ndo watawa akina Jamgon Kongtrul wakaanza kukusanya mafundisho ya kila upande yasipotee, hata hayo ya Jonang.