Jina la sabuni zangu liko Kariakoo: nianzie BPRA au BRELA?

Bint_Wete: Asalaam alaykum. Natengeneza sabuni na mafuta ya karafuu hapa Wete. Jina la biashara nimelisajili BPRA, ofisi ya usajili wa biashara Zanzibar, cheti ninacho. Sasa kuna mtu Kariakoo anauza sabuni kwa jina hilohilo, hata boksi kalifananisha. Cheti changu kinamzuia? Na wakala wangu wa Dar ana orodha ya wateja wangu, majina na simu. Nasikia siku hizi kuna sheria yake.

Koti_la_Vuga: Waalaykum salaam. Hakimzuii. Cheti hicho kinaonesha nani anafanya biashara kwa jina hilo, basi. Kinachozuia ni alama ya biashara, na hilo si jambo la Muungano. Ukiisajili BPRA, kwa Sheria Na. 4 ya 2008, nguvu yake haivuki Chumbe. Bara ni BRELA, ofisi ya usajili ya huko, kwa sheria ya 1986. Maombi mawili, ada mbili.

Mgogoro uko Dar, kwa hiyo anza BRELA. Omba upekuzi wa daftari la alama kwanza, maana huenda jamaa keshapeleka maombi. Yakishatangazwa kwenye jarida lao una siku 60 za kuweka pingamizi, na hapo utaulizwa nani alianza kulitumia sokoni. Kusanya stakabadhi za mauzo, risiti za kusafirisha mzigo, picha zenye tarehe. Maneno matupu hayatoshi.

Alama husajiliwa kwa madaraja ya bidhaa: sabuni na mafuta ya kunukia yote ni daraja la 3. Ukiandika kwenye boksi kuwa inatibu upele, unahamia la 5. Viungo vya kupikia ni la 30.

Mchambawima: Jina lenyewe lipi, dada?

Bint_Wete: Karafuu Safi ya Pemba.

Koti_la_Vuga: Lo! Basi hapo pana kazi. Karafuu ndiyo bidhaa, safi ni sifa, Pemba ni mahali. Msajili hampi mtu mmoja maneno ambayo kila muuzaji anayahitaji. Weka mbele neno la kubuni, hayo mengine yabaki chini kwa herufi ndogo, na mchoro uombe pamoja nalo. Hata huyo wa Kariakoo atakwama papo hapo akiliomba jina peke yake, kwa hiyo usihangaike sana na jina. Mshike kwenye boksi.

Mchambawima: Na boksi nani alilichora? Kama ni fundi wa kulipwa, kumlipa peke yake usikutegemee. Mwandikiane hati ya kukuhamishia hakimiliki, mtie saini, ndipo uende COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar.

Kuhusu orodha ya wateja: sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, Na. 11 ya 2022, ilianza 1 Mei 2023. Huku kwetu Zanzibar inagusa mambo ya Muungano tu, ila wakala yuko Dar, imemshika moja kwa moja. Ajisajili Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwenye mkataba muandike kuwa namba ni za kupelekea mzigo tu, na mkiachana azifute. Balaa kubwa huwa ni kundi la WhatsApp: anawatia wateja wote, kila mmoja anaona simu ya mwenzake. Atumie orodha ya matangazo, inamfikia aliyehifadhi namba yake.

Bint_Wete: Ahsanteni. Boksi jipya niweke ile R ya duara?

Koti_la_Vuga: Hapana, mpaka upate cheti cha alama. Kujidai umesajiliwa kabla hujasajiliwa ni kosa Bara. Kwa sasa weka TM, yaani unalidai kuwa alama yako ila hujasema limesajiliwa.