Naombeni ushauri: naenda maonesho ya sarafu New York kumtafuta bundi wa Athens

MwalimuWaUsiku

Wakuu, shikamooni wakubwa, na rika langu mambo vipi.

Nipo New Jersey, nalea wazee zamu za usiku. Kabla ya kuja huku nilifundisha historia sekondari, Morogoro, miaka sita. Tangu nikiwa chuo kuna kitu kimoja nakitamani: ile sarafu ya fedha ya Athens, tetradrakma, yaani drakma nne kwa mpigo, upande mmoja Athena, mungu wao wa kike, na kofia yake ya vita, upande wa pili bundi amekutolea macho. Nilishawahi kuiona kwenye kioo cha makumbusho, nikasimama pale mpaka askari akaanza kunizungukazunguka.

Sasa Januari kuna yale maonesho makubwa ya kimataifa ya sarafu New York, NYINC. Kwangu ni nauli ya treni tu. Nimedunduliza dola 700. Sijawahi kununua sarafu ya kale hata moja, sijui mtu akishaingia ukumbini anaanzia wapi. Hiyo hela inatosha? Feki nitaijuaje? Bei wanapatana, au ni ile iliyoandikwa? Na mtu mwenye koti la mtumba wanamsikiliza kweli?

Tatizo la mwisho lipo nyumbani. Mama watoto kasema bundi haingii ndani kwake. "Kwetu Upare akitua juu ya bati anafukuzwa kwa mawe, wewe unaenda kumnunua?" Mimi nacheka, yeye hacheki.

PesaSiMajani

Mkuu, dola 700 ni karibu milioni mbili za madafu. Hesabu bandali za bati halafu urudi hapa utuambie kama bado unamtaka bundi.

Kobe_Baltimore

Huyo hapo juu msamehe, kila uzi yeye ni bati.

Karibu kwenye ugonjwa, mwalimu. NYINC nimeenda mara tano. Mara ya kwanza nilinunua kwenye meza ya tatu tu. Niliona drakma ya Alexander Mkuu, roho ikadunda, nikatoa 280 bila hata kukohoa. Nafika meza ya kumi na ngapi sijui, nakuta ndugu yake, safi kuliko yangu, 190. Nilirudi Baltimore kwenye basi kimya kama nimetoka msibani.

Mzunguko wa kwanza uwe wa macho. Beba daftari, andika namba ya meza, bei na uzito. Toka nje kanywe chai, nasema nje, maana kahawa ya hoteli za Manhattan itakula nauli yako. Ukirudi ndiyo ufungue pochi. Usiende Jumapili mchana, wengi wanakuwa wameshafunga masanduku wanawahi ndege. Jumamosi asubuhi ni nzuri.

Koti halina shida. Watakachotazama ni mkono wako. Unaomba kwanza, ukipewa unaishika ukingoni kwa gumba na kidole cha shahada, na mkono ubaki juu ya trei yenye kitambaa, chini chini. Hii si mbwembwe. Fedha iliyolala ardhini miaka 2,400 mara nyingine inabadilika ndani, inakuwa kama biskuti. Ikikuponyoka ikagonga sakafu inaweza kupasuka, na hapo umeshainunua.

Kupatana wanapatana, ila siyo kama soko la Karume. Ukisema nusu bei anakurudishia tabasamu na kuweka trei pembeni. Uliza kwa upole bei yake ya mwisho ni ngapi, atakutolea asilimia tano au kumi, kisha ukubali au ushukuru uondoke. Taslimu inasaidia.

Hiyo 700 sasa. Bundi wa kwenye vitabu, yule mwenye uso wote wa Athena na shungi lote la kofia, humpati. Miaka ya karibuni bundi wamemiminika sokoni kwa wingi na bei imeshuka, lakini mzuri bado anapita elfu moja. Wewe utapata aliyechakaa, au mwenye chale.

MwalimuWaUsiku

Chale?? Bundi, tena mwenye chale? Mkuu unataka niachike.

Kobe_Baltimore

Ndiyo, chale. Zamani kulikuwa na wajanja waliokuwa wanachukua kipande cha shaba wanakivika ngozi ya fedha, wanagonga bundi juu yake, wanalipia bidhaa. Kwa hiyo mpokeaji, hasa huko Misri na Mashariki ya Kati ambako fedha ilipokewa kwa mizani zaidi kuliko kwa sura, alikuwa anachukua patasi anapiga moja ya nguvu aone ndani kuna nini. Ukikuta mkato na ndani yake bado ni fedha, ujue mtu alishakukagulia kabla hata babu wa babu yako hajazaliwa. Matajiri hawazitaki kwa sababu zimeharibika sura, na hapo ndipo sisi wa zamu za usiku tunapopita.

Mwanaidi_Ldn

Assalaam aleikum. Mie niko London, hapa kwetu kuna maonesho ya Coinex, shughuli ni ile ile. Nimejifunza kwa kupigwa, basi nisikilize.

Nunua mizani ndogo ya sonara na lensi ya kukuza mara kumi. Bundi wa karne ya 5 K.K. uzito wake ni gramu 17.2 hivi, akichakaa anapungua kidogo. Akiwa 15, mrudishe kwa salama. Kisha tazama ukingo kabla ya uso. Iliyomiminwa kwenye kalibu mara nyingi ina mstari unaozunguka ukingoni, hata kama umepigwa msasa, na juu ina vitobo vidogo vya hewa na maumbo yaliyolegea kama sabuni iliyokwisha kuogewa. Iliyogongwa kwa nyundo haina ulaini ule, na mara nyingi kingo zake zina nyufa ndogo pale fedha iliposukumwa ikatanuka.

Lakini nisikudanganye kaka. Feki ya fundi hodari humkamati, wala mimi simkamati. Mwishoni mwa miaka ya 1980 zilizuka sarafu ndogo za fedha za Apollonia na Mesembria, miji ya Bahari Nyeusi. Wakubwa wa fani walibishana, wengine wakazitetea, mwisho ikaonekana ni kazi ya juzi tu. Sasa wewe na lensi yako ya dola kumi? Kwa hiyo mkague muuzaji. Muulize: ikija kujulikana ni feki hata baada ya miaka, unanirudishia hela? Na utaliandika hilo kwenye risiti? Anayebabaika, mwachie trei yake.

Ukifika mapema ingia na kwenye vyumba vya minada, maana wiki ile ile kuna minada mikubwa. Ukijiandikisha unaruhusiwa kukaa na kutazama sarafu za mnada mkononi hata kama hununui kitu. Saa moja pale ni darasa tosha.

Na wewe mwalimu wa historia, ya Kilwa unayo? Masultani wetu walipiga shaba yao wenyewe, na vipande vitano viliokotwa visiwa vya Wessel, Australia, mwaka 1944. Huo ni mzozo mwengine, tuuache.

Wakili_Mstaafu

Niongeze la sheria, maana vijana mnalisahau. Marekani ina mikataba na nchi zenye urithi huu ya kuzuia sarafu zisizo na karatasi zisiingie. Cyprus ilianza 2007, Italia na Ugiriki zikafuata 2011. Wewe unanunulia ndani ya Marekani, lakini uliza ilitoka wapi: mnada gani, mwaka gani, ilikuwa kwa nani. Jibu liandikwe.

Januari 2012, maonesho haya haya yakiwa hoteli ya Waldorf Astoria, daktari mmoja wa upasuaji alikamatwa na sarafu za kale za Sicily, Italia, alizoamini zimefukuliwa kwa magendo. Alikiri kosa, na sehemu ya adhabu ikawa kuandika makala kuhusu sarafu zisizojulikana zilikotoka. Utamu wa kisa ni kwamba maabara ilipozipima, zilikuwa feki. Aliaibika kwa wizi ambao haukuwepo.

Jambo la mwisho. Wengi wetu tunarudi nyumbani kwa ndege ya kupitia Istanbul. Sheria za Uturuki kuhusu vitu vya kale ni kali. Huyo bundi muache New Jersey.

Kipusa_254

Mimi nauliza tu, lazima awe bundi? Kwa 200 hivi unapata drakma ya Alexander: Herakles amevaa kichwa cha simba, nyuma Zeus amekaa na tai mkononi. Simba na tai, mama atakataa nini hapo? Ama utafute zile shaba nzito za akina Ptolemaio, wafalme wa kale wa Misri, pia zina tai, na ni za Afrika. Hela inayobaki umnunulie mama kiatu.

Kobe_Baltimore

Kipusa ana hoja. Na drakma za Alexander unaweza kuzisomea bure mtandaoni, kwenye orodha ya PELLA ya chama cha sarafu cha Marekani, kila moja na mji ilikogongwa. Lakini mtu akishamtaka bundi, tai hamtulizi. Nakujua, mwalimu.

MwalimuWaUsiku

MREJESHO.

Wakuu, nimeenda Jumamosi, moja kwa moja kutoka zamuni, macho mekundu. Mzunguko wa kwanza nilishika mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. Daftari lilijaa bundi kumi na mmoja. Watatu walikuwa chini ya 700, mmoja kati yao muuzaji hakutaka kusema alimpata wapi, nikashukuru nikapita.

Niliyemrudia yupo kwenye meza ya mzee mmoja wa pembeni kabisa. Bei kwenye kibandiko 525. Nilipotoa mizani nilidhani atakasirika, kumbe akanisogezea taa. Gramu 16.9. Shungi la kofia halipo, liliangukia nje ya sarafu ilipogongwa, lakini pua ya Athena ipo na lile jicho lake la umbo la mlozi lipo. Nikamgeuza. Bundi mzima, herufi tatu ubavuni, kijitawi cha mzeituni begani, na chale moja kutoka bawani hadi kwenye mguu, kina chake ungeingiza ukucha. Mzee akaielekeza taa mle ndani. Kijivu kile kile mpaka chini.

Nilimuuliza bei ya mwisho kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri. 460. Kaandika kwenye risiti mnada alikomnunua, mwaka, na kwamba atarudisha hela ikithibitika ni feki.

Kwenye treni nikapiga hesabu. Thucydides, mwanahistoria wa Athens wa enzi hizo, anaandika kwamba wapiga makasia waliokwenda vitani Sicily mwaka 415 K.K. walilipwa drakma moja kwa siku, kwa hiyo bundi huyu ni siku nne za kasia. Baada ya kodi, kwangu mimi ni zamu nne na chenji kidogo.

Nyumbani nilimkuta mama watoto jikoni. Sikuficha. Aliichukua, akaisogeza kwenye mwanga, akaipindua, kidole kikasimama kwenye ule mkato.

"Hii nini?"

"Chale."

Akanyamaza. "Nani kamchanja?"

Nikasema simjui, Misri huko pengine, zamani sana.

"Basi huyu kashaaguliwa," akasema, akanirudishia. "Hana neno."

Yupo kwenye kabati la vyombo, nyuma ya birika la wageni, kwa sharti moja, asitazame mlango. Kwa hiyo anayetazama mlango ni Athena.

PesaSiMajani

Picha iko wapi?